Aliyekugongea Mlango Saa Nane za Usiku

Haya ni maneno niliyoyasema Mombasa mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari na wahudumu wa afya wa jamii. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeondoa tu pale nilipomtania mwenyekiti.

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu wa upande wa pili. Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wahudumu wa afya mliotoka Kisauni na Likoni na jua hili, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma chini ya feni: wa shikamoo shikamooni, wengine hamjambo.

Barua ya mwaliko yasema nizungumzie taarifa potofu wakati wa korona. Vikao vya namna hii nimeshahudhuria. Mtaalamu anasimama, anamulika ukutani ujumbe wa WhatsApp wa mwaka 2020, ukumbi unaangua kicheko, anaupiga muhuri mwekundu wa UONGO, kisha tunakwenda kunywa chai. Hakuna anayeuliza aliyeutuma ule ujumbe alikuwa na shida gani. Mimi nataka tukae hapo hapo. Dai langu ni kwamba uvumi mwingi wa miezi ile ulikuwa swali, na mwenye jibu hakulijibu.

Na kwa kuwa nimetaja chai, tuanze na ile ya strungi.

Mnaikumbuka. Ni wiki za mwisho za Machi 2020, na habari imeanzia huko magharibi ya Kenya. Mtoto mchanga kazaliwa usiku, kafumbua kinywa, kasema: kunyweni chai ya rangi, kali, kabla jua halijachomoza, na korona haitawagusa. Akishasema akafa. Kila msimuliaji alikuwa na mji wake alikozaliwa yule mtoto, na wengine waliongeza kwamba sukari isitiwe. Simu zikalia usiku kucha. Watu wakaamsha watoto, wakawasha jiko, wakanywa strungi gizani. Hapa kwetu kuna mama aliyezunguka nyumba kwa nyumba saa nane za usiku, kanga kichwani, akigonga milango: amkeni, wekeni maji ya chai.

Asubuhi mitandao ikacheka. Wasomi wa Nairobi wakacheka zaidi, maana kucheka kulikuwa na likes nyingi.

Hebu sasa tazameni kalenda. Tarehe 13 Machi, Ijumaa, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya watu kumi na wanne ikabeba wanane, na nauli nyote mnajua ilikwenda wapi. Katika siku hizo chache mtu wa kawaida alikuwa ameambiwa mambo chungu nzima ya kuacha: usisalimiane kwa mkono, usiende msikitini, usiende kanisani, usikusanyike, usitoke. La kufanya aliambiwa moja, anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na nusu ya mitaa ya mji huu maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni.

Ndipo unakuja ujumbe unaokupa kitu cha kufanya usiku huu huu, kwa vitu ulivyo navyo jikoni, tena pamoja na jirani. Mimi simshangai yule mama. Anayekugongea mlango saa nane za usiku ili usife hakuchukii. Swali lake lilikuwa wazi: nyumbani kwangu, na senti nilizonazo, nifanye nini? Waliomcheka hawakumjibu.

Tusidhani strungi ilikuwa ya wasiosoma. Wasomi walikuwa na strungi yao, na ilikuja na nembo. Katika makundi ya walimu (nilikuwa humo, nikiwa mwalimu asiye na darasa) ulizunguka ujumbe uliojidai umetoka UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa. Ulisema kirusi ni kikubwa hivyo barakoa yoyote yatosha, tusile barafu, na joto la nyuzi 26 au 27 hukiua. UNICEF wenyewe waliukana. Ukaja mwingine wa kubana pumzi sekunde kumi: ukiweza bila kukohoa, u mzima. Nimewaona watu wenye shahada mbili wakibana pumzi sebuleni huku wakitazama saa.

Lakini huo wa joto ndio uliotukaa sisi wa Pwani. Mwezi wa Machi Mombasa huvuka nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Mkiambiwa ugonjwa hufa kwenye 27, mnajisikiaje? Mnajisikia wateule. Na hapo pana jambo linalonikera hadi leo. Malindi si mbali na hapa. Waitaliano wameishi Malindi miaka na miaka, na vijana wengi wa ufuoni, wapishi, madereva, wauza vinyago, Kiitaliano wanakizungumza bila kukwama. Italia nzima ilitangazwa kufungwa tarehe 9 Machi 2020, kabla sisi hatujatangaza mgonjwa hata mmoja. Wale vijana walikuwa wanapigiwa simu na watu waliowajua kwa majina, wanaambiwa hospitali zimejaa. Sauti ya kijana mmoja wa Malindi ilifika katika kundi letu la mtaa. Alieleza aliyoambiwa na mwajiri wake wa zamani aliyekuwa kaskazini ya Italia, kwa utulivu, akataja na siku waliyozungumza. Ikapita bila jibu. Baada yake ukatumwa ule ujumbe wenye nembo, watu wakaamini nembo.

Mnaosomea uandishi wa habari, mwenye habari siku zile hakuwa na studio, na wala hakuwa na neno moja la Kiingereza katika maelezo yake.

Sasa nizungumze kuhusu hizi sauti, yaani voisi, kwa kuwa nadhani hazijachunguzwa inavyostahili. Maandishi yalikuwa ya vijana na watu wa ofisi. Voisi zilikuwa za mji mzima. Bibi asiyesoma anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena, anamfikishia dadake Lamu. Voisi ya uvumi ya mwaka ule ilikuwa na umbo lake. Inaanza kwa kunong'ona: "Jamani, sikilizani, mimi jina langu sitaki litajwe." Kisha jamaa wa msemaji: kuna mtu wangu yuko hospitali kubwa, ama shemeji yuko jeshini, ama bosi wa rafiki yangu amekaa na waziri. Halafu habari yenyewe, mara nyingi fupi kuliko utangulizi. Mwisho kiapo na amri: wallahi nawaambia, mfikishie umpendaye. Tarehe haitajwi kamwe. Kwa hiyo ile ya helikopta za jeshi zitakazomwaga dawa usiku, tuanue nguo na tusitoke nje, ilizunguka dunia nzima kwa lugha zote, na kila iliporudi ilikuwa "usiku wa leo". Na kafyu ipo, nani angetoka nje kuhakikisha?

Tarehe 7 Aprili WhatsApp wakaweka mpaka: ujumbe uliokwisha kusambazwa mno, ule wa mishale miwili, upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Baadaye mwezi huo huo kampuni ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Sibishani na hesabu zao. Ninachojua ni kwamba kwetu kuna mama aliyeona simu imemgomea, basi akaisikiliza ile voisi mara mbili tatu akairekodi upya kwa sauti yake mwenyewe, na katika kurekodi akaongeza chumvi. Ikawa ni ujumbe mpya, hauna mshale hata mmoja, na sasa ni sauti ya mtu tunayemjua.

Nije kwenye jambo zito. Karantini.

Walioingia nchini mwishoni mwa Machi walipelekwa karantini ya lazima, hotelini au katika mabweni ya vyuo, kwa gharama yao wenyewe. Siku kumi na nne zikawa zinaongezwa. Kukatokea waliokwisha maliza siku zao, hawana ugonjwa, na hawatoki kwa sababu ya bili. Mwezi wa Aprili sote tuliona ile video ya watu wakiruka ukuta wa chuo kimoja Nairobi, na mvua inanyesha. Mwezi huo huo serikali ikasema watakaokamatwa wakivunja kafyu nao watatiwa karantini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa maoni yangu. Kitu kilichoelezwa kuwa ni tiba na kinga kikageuzwa jela, tena jela ya kulipia.

Basi wapimaji walipoingia Mji wa Kale, foleni haikuwepo. Kwenye simu neno lilikuwa moja: ukipimwa tu, unachukuliwa. Maafisa wakajibu kwamba huo ni uongo, wananchi wapuuze uvumi. Lakini haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa na chumvi, sawa, ila ndani yake mlikuwa na maswali matatu halali kabisa. Nikikutwa nayo nitapelekwa wapi? Nani atalipa? Na hawa watoto wangu watakula kwa nani? Nilisikiliza taarifa za alasiri za Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, karibu kila siku. Alitupa idadi ya waliopimwa, waliokutwa, waliopona, akatugombeza kama mzazi. Yale matatu yalichelewa sana kujibiwa. Mwanzoni mwa Mei ndipo ikatangazwa kwamba serikali itabeba gharama katika vituo vyake. Na katika siku hizo hizo, tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ukafungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, haingii mtu hatoki mtu, hadi mwanzoni mwa Juni. Ramadhani ilikuwa inakaribia nusu.

Mtu akiniuliza nani aliyeushinda uvumi mtaani kwetu, namtaja mhudumu wa afya wa jamii. Jina lake silitaji kwa kuwa hajanipa ruhusa, na yuko humu ukumbini ananiangalia vibaya. Huyu dada aliingia katika kundi letu akatuma voisi yake. Akasema: mimi ni fulani, nyumba yangu mwaijua, leo ni Jumanne, nimetoka kuuliza. Ukikutwa nayo utapelekwa mahali fulani. Wanaoruhusiwa kukuletea nguo ni hawa. Chakula kinatoka kwa fulani. Swali la pesa sijapata jibu, kesho nitauliza tena. Na kesho yake, kweli, akaja na voisi nyingine: nimeuliza, wameniambia hivi.

Voisi zake zilikuwa na vyote vilivyokosekana katika zile za kunong'ona: jina, siku, mahali, na pale alipofikia kujua. Watu wakazisambaza kwa kasi ile ile waliyosambazia strungi, kwa vidole vile vile. Sikumsikia hata siku moja akisema kwamba mtu fulani ni muongo. Walimpigia simu usiku hadi akaizima. Namba ya simu ya serikali ya kuulizia korona, ile 719, ilikuwepo pia na iliwafaa wengi, lakini 719 haimjui mtoto wako kwa jina.

Sitaki mdhani kwamba makundi yalijaa uvumi tu. Nyingi ya zile jumbe zilikuwa za kuchosha, nami nazipenda hizo kuliko zote. Mkokoteni wa maji umefika msikitini. Askari wako kizuizi cha Mtwapa, wenye barua za kazi pitieni mapema. Nani ana mita ya stima aninunulie tokeni, nitamrudishia. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka ule kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 hakukukatwa ada, na hilo dogo lilibadilisha mtaa. Michango ya mia, ya mia mbili, iliyokuwa haiwezekani kwa sababu ada ingeila, sasa ikawezekana. Hoteli za ufuoni zimefungwa, wapishi na wahudumu wamerudishwa nyumbani, na mtu anapokea mia mbili kutoka kwa watu kumi asiowajua vizuri. Wanawake wetu walioko Doha, Dubai na Muscat, waliofungiwa katika nyumba za watu, walitusalimia kwa voisi ndefu zilizoisha kwa kulia, na bado mwisho wa mwezi wakatuma.

Na Ramadhani ile! Misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali majumbani, baba aliyezoea safu ya tatu sasa ndiye imamu wa sebule na hajui asome sura gani. Magharibi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi, kafyu saa moja. Wauza viazi karai, bajia na mkate wa sinia wakahamia kwenye makundi, picha zinatumwa kuanzia alasiri, kijana wa tuktuk anabeba mifuko ya nyumba sita kwa mkupuo. Kuna muuzaji aliyekuwa hana hata meza kabla ya korona, leo ana duka. Simtaji naye.

Simu hizo hizo zilizobeba strungi ndizo zilizobeba Likoni. Tarehe 27 Machi, jioni ya kwanza ya kafyu, watu waliotoka kazini walijaa wakingoja feri, na kabla saa haijafika polisi wakawarushia gesi ya machozi, wakawapiga, wakawalaza chini wamebanana, wale wale walioambiwa wakae mbalimbali. Picha zilitoka mikononi mwa watu waliokuwa wanakimbia. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa yaliyotendwa na polisi. Bila zile simu, nani angeombwa radhi?

Huku nyuma tayari palikuwa na sheria. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 ilisimamishwa na mahakama kwa muda, na mwezi wa Februari 2020, wiki chache tu kabla ya mgonjwa wa kwanza, Mahakama Kuu ikairuhusu. Kuchapisha habari za uongo: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili. Machi ikaona watu wakikamatwa kwa jumbe za korona. Wasimamizi wa makundi wakaogopa, wengine wakalifunga kundi zima asizungumze mtu isipokuwa wao. Waliotetemeka zaidi walikuwa wenye majina. Mnong'onaji hana jina, hakamatiki. Yule dada anayesema "mimi ni fulani, leo ni Jumanne" ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa.

Wengi wetu tuna jamaa Tanga na Unguja, kwa hiyo tuliishi korona mbili. Kwetu idadi ilisomwa kila siku hadi masikio yakachoka. Kule, baada ya mwisho wa Aprili, hesabu za kitaifa zikakoma kutolewa, na jumla ikabaki 509. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi zina korona. Ukiwa na shangazi Tanga, hotuba ile uliipata mara nane kwa siku moja, kila mtu na maelezo yake. Kabla ya hapo, Aprili, gazeti la Mwananchi lilikuwa limefungiwa leseni yake ya mtandaoni miezi sita kwa sababu ya picha. Jamaa zetu wakanyamaza juu ya ugonjwa, wakazungumza juu ya nyungu: mwarobaini, mchaichai, blanketi la kujifunika, mvuke. Ukimuuliza shangazi nani anaumwa, anakujibu majani gani ya kuchemsha. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka kwa watu, ikaacha mizigo tu ipite, na simu ikawa ndiyo njia pekee ya kuzikana.

Msinielewe kwamba kwetu tulipona kwa kuwa tulisomewa hesabu. Huku tulikuwa na uvumi wetu, kwamba korona ni biashara ya wakubwa. Tuliambiwa tupuuze. Agosti zikaanza kutoka habari za ununuzi wa vifaa KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, ukaguzi maalumu wa shilingi bilioni 7.8 ukafanyika, na mkaguzi akakuta taratibu zimekiukwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na biashara pia ilikuwepo. Mtaa uliuliza swali zuri na kulifunga katika jibu baya.

Wanafunzi, nina ombi, kisha nikae. Zile sauti zinapotea. Simu za 2020 zimeanguka majini, zimeibwa, zimeuzwa, zimejaa na kufutwa. Magazeti yatahifadhiwa, hotuba za mawaziri zitahifadhiwa, na mwanahistoria wa kesho atadhani mwaka ule tulizungumza Kiingereza cha taarifa kwa vyombo vya habari. Nendeni kwa mama zenu na shangazi zenu. Mtapata makundi ambayo hayajafutwa. Ombeni ruhusa ya mwenye sauti kwanza, na akikataa muache. Andikeni siku, mtaa, na nani alimtumia nani. Msichague zile za kweli tu. Ile ya strungi mkiipata kwa sauti ya aliyeirekodi, iwekeni mahali pazuri, na mwulizeni usiku ule aliamsha nyumba ngapi na nani alikataa kuamka.

Dada yangu wa Jumanne naona ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti, huenda ana masahihisho.